Sura ya Saba: Nyama ya Karatasi

Stoo ya vielelezo ilikuwa na funguo mbili na mchwa wengi, na kusema kweli mchwa ndio pekee waliokuwa kazini muda wote. Kituo chenyewe zamani kilikuwa ghala la chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa, polisi wakapewa jengo, mchwa wakabaki na haki yao ya wenyeji. Watu wa kijiji cha Mwankoko husimulia kwamba wadudu hao waliwahi kula gunia zima la bangi ya ushahidi, wakalala wiki nzima, wakaamka na njaa, wakamalizia na jalada la kesi yenyewe. Mshtakiwa akatoka mahakamani akishangaa kuliko hakimu. Habari ya kulala, Sajenti Damari Hango hakuithibitisha. Ya jalada aliiona kwa macho yake.

Asubuhi hiyo alikuwa amefuata kiti. Kituo hakikuwa na mahabusu ya wanawake, kwa hiyo mtuhumiwa alikuwa amekaa tangu jana kwenye sakafu ya ofisi, mgongo ukutani, viatu mkononi. Damari alivuta kiti cha miguu mitatu na nusu kutoka nyuma ya baiskeli moja kuukuu yenye lebo ya kielelezo, akakipangusa udongo mwekundu wa mchwa, akakileta.

"Kaa hapa, Lucy. Egemea upande huu, usije ukaanguka."

"Asante, afande."

Lucy alikuwa binti wa Alute Msaghaa, yule Alute wa riwaya za upelelezi. Enzi zile vitabu vilipokuwa bado vinafika, ungepanda treni Manyoni ukashuka Tabora na njia nzima usikose abiria aliyefunika uso kwa kitabu cha Alute. Damari mwenyewe alijiunga na upolisi kwa sababu ya vitabu hivyo, na alipofika kazini akakuta hakuna hata mhalifu mmoja mwenye akili kama wale wa Alute. Baadaye kampuni iliyokuwa ikimchapa ikafa kama ushirika, duka la vitabu mjini likageuka la mitumba, na mzee akaendelea kuandika nyumbani kwake Mwankoko bila wa kumchapa. Alizikwa mwezi uliopita. Aliacha riwaya moja ambayo haijaisha, imepigwa taipu nyuma ya fomu za mizani za ushirika, maana karatasi nyeupe zilikuwa bei ya dawa.

Riwaya hiyo ndiyo iliyopotea. Mlalamikaji alikuwa Abraham, mtoto wa kwanza wa marehemu: sanduku la baba lilikuwa na kufuli, matanga yalipoondolewa likafunguliwa, likakutwa tupu. Na aliyemtaja ni mdogo wake, tumbo moja, Lucy. Sababu aliyoitoa ilikuwa nzito. Siku ya matanga Lucy alisimama mbele ya wanaume akasema baba yake aliagiza kwamba akifa kitabu hakijaisha, kichomwe. Maneno hayo ndiyo yaliyomkamatisha.

Mkuu wa kituo alikwisha sema: kesho asubuhi apelekwe mahakama ya mwanzo. Na Jumatatu Lucy alitakiwa kuripoti chuo cha ualimu. Chuo hakingempokea mtu mwenye kesi ya wizi.

"Ulichoma?" Damari aliuliza.

"Ningechoma ningekuletea majivu kwenye ungo."

"Sasa kiko wapi?"

"Waulize waliokula."

"Waliokula nini?"

Lucy aliangalia dirishani. "Jana nilimweleza koplo wenu nilichosikia kupitia dirisha la jikoni. Akaniambia cha kusikia dirishani si ushahidi, akaandika kwamba sina la kusema. Na mimi nikaona sawa. Nikikwambia wewe, utakwenda kuwauliza kwa maneno yangu, nao watakana kwa sauti moja. Bora uwakute hawajajiandaa."

Kabla Damari hajajibu, mlango ulijaa watu wawili. Wa mbele alikuwa Abraham mwenyewe, shati jipya la mtumba, pasi imepita mpaka kwenye kola. Wa nyuma ni Idrissa, mwenye mashine ya kuchapa kadi za harusi na kalenda pale mjini.

"Sajenti, mimi sina ugomvi na familia," Idrissa alianza, huku akikaa kwenye meza bila kukaribishwa. "Nataka mali yangu. Nimepatana na Abraham, tumeandikiana, mashahidi wapo. Nachapa kitabu cha mwisho cha Alute."

"Hakina mwisho," Damari alisema.

"Mwisho ni kitu gani? Nina mtu pale stendi anaandikia watu barua za mapenzi. Anaandika mpaka mwanamke aliyeachika anarudi. Kurasa chache za kumkamata muuaji zitamshinda?"

"Na jina la huyo wa stendi utaliweka wapi?"

"Jina litakuwa la marehemu. Jina ndilo linalouza. Siku hizi ni soko huria, Sajenti. Hata aliyekufa anaruhusiwa kufanya biashara."

Lucy aliinama akavaa viatu vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayeondoka. Hakuwa na pa kwenda.

"Abraham," Damari alisema, "kufuli la sanduku lilivunjwa?"

"Hapana. Lilikuwa zima."

"Funguo alikuwa nayo nani?"

"Baba mkubwa, mzee Ezekieli. Lakini huyu ni mjanja, afande. Amekaa na baba muda mrefu, ndiye alikuwa anampigia taipu. Hashindwi kufuli."

"Wewe uliwahi kukisoma?"

"Hata mstari. Baba alikuwa anakificha kama mke wa pili."

Damari aliandika maneno hayo kwenye maelezo, akamsomea, akamwambia aweke saini. Abraham akaweka, na mkia wa saini ukavuka mstari.

Saa nne Damari alikuwa Mwankoko, anakokota baiskeli, kwa sababu mchanga wa njia ile unameza tairi. Hakuhitaji kuuliza nyumba ya Abraham. Iling'aa kuanzia mbali: mabati mapya matupu, hayajapigwa hata na mvua moja, juu ya kuta ambazo juzi juzi zilikuwa na paa la tembe, la udongo.

Abraham alikuwa amemtangulia kwa lifti ya Idrissa. Alimkuta anaosha mikono.

"Mabati mazuri," Damari alisema.

"Tunajitahidi."

"Idrissa huuza na mabati?"

"Ana rafiki anauza." Abraham alijipangusa mikono kwenye suruali, pasi yote ikaharibika.

"Mimi nilikuwa msomaji wa baba yako," Damari alisema, akakaa kwenye kigoda kana kwamba kazi imekwisha. "Inaniuma. Alivyokuwa anajua kuwahangaisha watu. Ile ya safari hii sijui angetupeleka wapi."

"Treni," Abraham alisema. "Hiyo sehemu ya treni ni kiboko, afande. Yule mwanamke anapanda Kintinku na tenga la kuku, inspekta yuko behewa hilo hilo na hamjui. Halafu kuku mmoja anatoka kwenye tenga, na shingoni kafungwa miwani. Miwani, afande. Inspekta akaruka kama kaungua."

"Miwani ya nani?"

"Hapo sasa... nadhani ya mtu fulani."

"Asubuhi umesaini kwamba hujasoma hata mstari."

"Nilisikia sikia."

"Kwa nani?"

"Watu."

Damari hakumbana. Alimwomba maji, akanywa, akarudisha kikombe, akaenda nyumba ya pili.

Raheli, mjane wa marehemu, mke mdogo, alikuwa anapeta alizeti uani. Alikuwa mlokole wa siku nyingi na alikuwa anasifika kwa kutosikiliza redio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya kile kitabu, mimi sijui lolote. Mambo ya dunia hayo. Mume wangu alikuwa anaua watu kwenye karatasi tangu asubuhi mpaka jioni, mimi nikamwombea, basi."

"Na sanduku?"

"Sanduku muulize shemeji Ezekieli."

"Haya, mama. Pole na msiba." Damari aligeuka kama anaondoka, akageuza na baiskeli. Alijua watu wa kanisani. Swali ukiwauliza hawajibu. Ukiondoka wanakufuata nalo.

Alifika kwenye ua wa michongoma.

"Wewe binti wa polisi," Raheli aliita. "Umesoma sana vitabu vya Alute, nasikia."

"Vyote."

"Hivi mwanamke akishuka Itigi, akaenda kujificha kwa masista, akajifungua huko, na kila usiku analia akitaja mizani, mizani... ni kwamba ameua, au anamjua aliyeua?"

"Mwanamke yupi, mama?"

Raheli alivuta kanga ikamfunika kichwa. "Nimeota," alisema.

"Kwenye ndoto hiyo alikuwa na tenga la kuku?"

"Kuku?" Raheli alishangaa kweli kweli. "Kuku wanatoka wapi?"

Hapo Damari alisimama kidogo, mkono kwenye usukani. Abraham anajua treni ila hajui miwani ni ya nani. Raheli anajua Itigi ila hajui kuku. Mwizi mmoja angejua yote. Wezi wawili wangejua yale yale. Hawa kila mmoja alianzia pale mwenzake alipoishia, kama watu waliopimiwa shamba. Na Lucy alisema, waulize waliokula.

Mzee Ezekieli, kaka mkubwa wa marehemu na mkuu wa ukoo, alikuwa nyuma ya nyumba yake akichonga mzinga wa nyuki. Damari alipiga goti kidogo, akamwamkia, akaitikiwa, akauliza habari za nyuki, mvua na mgongo wa mzee, kila moja ikajibiwa kwa urefu wake. Ndipo akauliza:

"Baba, siku ya kuondoa matanga mlichinja?"

"Dume la mbuzi. Tena lililoshiba."

"Mligawaje?"

Mzee aliweka tezo chini. Swali la namna hiyo lilimpendeza. Vijana wa siku hizi hawaulizi. "Kichwa ni cha kaka mkubwa wa marehemu. Kidari ni cha mtoto wa kwanza wa kiume. Miguu ya nyuma inakwenda kwa mjane. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yetu, ndivyo itakavyokuwa kwangu."

"Na kitabu?"

Mzee alitafuta tumbaku yake mfukoni. Alitoa na karatasi, akachana kipande, akasokota taratibu. Upande wa nje wa sigara ile ulikuwa na mistari ya bluu na neno UZITO. Upande wa ndani, kabla haujafungwa, Damari aliona herufi za taipu.

"Abraham alikitaka chote," mzee alisema, akawasha. "Raheli naye alikitaka chote. Yule mchapaji alikwisha watia wazimu, kila mtu anaota mabati. Wangekatana mapanga juu ya kaburi bichi. Nikasema, lete hapa hicho kitu. Kitu kimoja, watu wengi, marehemu mmoja: desturi yake tunaijua. Nikafungua sanduku kwa mkono wangu. Tukagawa kwa amani, kila mtu akaondoka na fungu lake."

"Kichwa, kidari, miguu ya nyuma."

"Hakuna aliyelalamika."

"Na Lucy?"

"Binti ambaye hajaolewa hapewi fungu. Anakula kwenye chungu cha mama yake."

"Mama yake yuko wapi?"

"Si alishafariki," mzee alisema, na moshi ukamtoka puani.

"Alikipiga taipu chote yeye, baba."

"Na mbuzi naye alichungwa na mtu. Mchungaji hapewi kidari."

Damari aliitazama sigara, sasa imefika katikati. "Fungu lako la kichwa liko wapi?"

Mzee aliangalia vidole vyake. "Lilikuwa nene. Limebaki kidogo."

"Umelivuta."

"Nilisoma kwanza. Mimi si mjinga, sivuti kitu nisichokijua. Karani wa mizani amekutwa amekufa ghalani, amepondwa na jiwe la mizani yake mwenyewe. Miwani haionekani. Mlinzi anasema hakusikia kitu. Halafu ikakatika hapo, iliyobaki iko kwa Abraham."

"Hukwenda kumwomba uisome?"

"Nimwombe mtoto fungu lake?"

"Lucy yuko ndani kwa wizi wa kitu unachokivuta."

Mzee alizima sigara kwenye gome la mzinga, akaitia mfukoni. "Abraham alisema shtaka hilo ni maneno tu ya kumtuliza mchapaji, mpaka ayakusanye mafungu. Raheli anakataa kutoa la kwake. Akasema Lucy hana mume wala mtoto, akikaa ndani siku mbili tatu hakuna sufuria itakayolala na njaa."

Damari alitoa kalamu. "Niambie tena hayo, baba. Polepole. Nayaandika."

Alasiri mafungu yote yalikuwa juu ya meza ya kituo. Abraham alileta kidari ndani ya mfuko wa saruji. Raheli alileta miguu ya nyuma imefungwa kwenye kitambaa cha madhabahu, na alipoiweka mezani aliishikilia kidogo kabla hajaiachia. Kilichobaki cha mzee Ezekieli kilitosha kwenye kiganja. Damari alizipanga karatasi kwa namba zake. Kila mtu alisimama akiangalia kama kwenye mizani ya pamba.

Aliyefurahi alikuwa Idrissa peke yake.

"Sajenti, Mungu akupe cheo," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa nitawafuata hawa mmoja mmoja mpaka nizeeke. Umenikusanyia kazi yangu. Huo mwanzo ulioungua kijana wangu ataurudishia, hauna neno."

Alinyoosha mikono miwili. Abraham naye, ambaye tangu aingie alikuwa amejikunja, akaanza kunyooka. Lucy alikuwa bado kwenye kiti chake kibovu. Alimwangalia Damari tu, na Damari alielewa kwamba kazi yake nzuri ya siku hiyo ilikuwa imefanya kile ambacho ukoo mzima ulishindwa kufanya.

"Ngoja kwanza," Damari alisema.

Alivuta fomu, akaandika, akaongea huku anaandika. "Lucy Alute hana kosa, hakuna wizi uliotokea. Jumatatu aende chuoni. Abraham Alute amewapa polisi taarifa ya uongo, akijua ni ya uongo, na mtu akawekwa chini ya ulinzi. Hilo ni kosa. Jalada linafunguliwa leo."

"Afande, si tumeshaelewana—"

"Na ushahidi kwamba taarifa ilikuwa ya uongo ni hizi karatasi. Kwa hiyo ni kielelezo. Kielelezo hakitoki mpaka kesi isikilizwe na kuamuliwa."

Mikono ya Idrissa ilibaki hewani. "Itasikilizwa lini?"

Damari aliusukuma mlango wa stoo kwa mguu, ukafunguka, akamwonyesha ile baiskeli kuukuu. "Ile kesi yake ilifunguliwa enzi za Ujamaa, wakati wa kuhamia vijijini. Mlalamikaji amefariki. Mtuhumiwa amefariki. Tunamsubiri shahidi."

Idrissa aliangalia baiskeli. Halafu akamgeukia Abraham. "Mabati yangu nitakuja kuyashusha kesho," alisema. "Na misumari."

Waliondoka kila mtu na njia yake. Raheli alimpita Lucy kama anapita nguzo. Mzee Ezekieli alisimama mbele yake.

"Umemfunga kaka yako," alisema.

"Mimi nilikuwa nimekaa, baba mkubwa."

"Nyumbani usije kwanza. Watu wana hasira."

"Nguo zangu ziko huko."

"Tutazituma." Akatoka, akipapasa mfukoni nusu ya sigara.

Damari alimaliza lebo, akaifunga kwa kamba ya katani. Alikuwa ameshika karatasi ya mwisho kabisa, hajaitia na nyingine. Alisoma chini pale: *Inspekta aliwageukia wote waliokuwa ghalani. Hakuna aliyepumua. Akanyoosha kidole kwa*

Basi. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa nyeupe.

"Lucy," alisema, "nani aliua?"

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyepiga taipu."

"Hata baba hakujua. Tangu masika, kila asubuhi ananiita, nakaa kwenye taipu. Anasema, andika: kwa. Ananyamaza. Ananiambia nikateke maji. Nikirudi, bado. Yule mtu aliyewafundisha ninyi kukamata watu, amekaa na 'kwa' mpaka anakata roho." Alisimama, kiti kikaanguka, hakukiinua. "Ndiyo maana alisema kichomwe. Alisema mtu akipotea njia porini, nguo zake zifukieni, msimtembeze uchi sokoni. Nilimwahidi. Nikaogopa kuchoma usiku ule ule aliokufa, nikasema acha nisome mara moja tu. Asubuhi funguo ilikuwa kwa baba mkubwa."

Damari alirudisha karatasi ya mwisho chini ya zote, akafunga furushi.

"Hiyo stoo yenu," Lucy alisema, "kweli ina mchwa kama wanavyosema?"

"Wapo."

"Wanakula haraka?"

"Karatasi ya ushirika wanaipenda kuliko mbao."

Lucy aliitikia kwa kichwa, akainama kuchukua viatu vyake, akakumbuka amevivaa, akatoka.

Damari aliingia stoo. Kulikuwa na rafu ya chuma ambayo mkuu wa kituo aliipaka oili chafu miguuni ili vielelezo vya karatasi vikae salama, na pale juu palikuwa na nafasi. Alisimama mbele yake na furushi mkononi. Huko nje gari la Idrissa lilikuwa linakataa kuwaka. Kisha Damari alichuchumaa, akaliweka furushi chini, sakafuni, likigusa ukuta, pale njia nyekundu ya udongo wa mchwa ilipokuwa inapanda bado mbichi, na akafunga mlango kwa funguo zote mbili.